Mgongo wa Kidani

Sina subira na mtu anayenionyesha pete yake na kuniuliza kama ni ya hali ya juu. Geuza kwanza, huwa namwambia. Anadhani namtania. Kugeuza nilifundishwa na sonara mmoja Mhindi pale Nakuru, miaka ile serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, nilipokuwa kijana mwenye mke na kazi yangu ni kuosha na kung'arisha dhahabu.

Bwana alikuwa mtu wa maneno machache. Bangili za harusi alizitengeneza nyingi za namna moja, akasema ni dhahabu nzuri, basi. Pambo la juu ni kitu kingine. Jiwe hutangulia, dhahabu ikalifuata, na pambo lenyewe halina pacha popote. Halafu kulikuwa na hili alilolirudia mpaka likanichosha: mgongo, ule upande unaolala kifuani bila kuonwa na mtu, lazima uwe safi kama uso. "Fundi muongo tengeneza uso tu," alisema.

Siku hizo mtu wa kabila langu hakukaa Nakuru bila muhuri wa mwajiri kwenye pasi. Kazi ikiisha unapakiwa kwenye lori kurudishwa rizavu, ile ardhi waliyotutengea. Mimi rizavu sikuwahi kulala hata siku moja, nilizaliwa Ndabibi kwenye shamba la mzungu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila asubuhi niliishika ile pasi mfukoni kabla hata ya kunywa chai.

Basi memsahib mmoja, bibi wa kizungu wa upande wa Naivasha, akaleta kidani kirekebishwe kishikizo, akivae Jumamosi kwenye harusi ya bintiye. Katikati kilikuwa na jiwe la kijani, kubwa kama punje ya haragwe, limezungukwa na almasi ndogo ndogo. Bwana alikirekebisha Jumatatu, akaniachia ufunguo wa droo, akaenda Nairobi. Aliniambia nioshe bangili. Kuhusu kidani hakusema lolote.

Jumanne nikakitoa, nikakigeuza. Nyuma, kwenye vitundu, kulikuwa na uchafu wa miaka, poda na jasho vimegandamana. Nikajiambia, leo bwana atajua kwamba somo limeniingia. Nikakitumbukiza kwenye sufuria pamoja na bangili, maji yakichemka na magadi na sabuni, kama nilivyoosha dhahabu kila siku.

Kilipotoka, mgongo uling'aa. Lakini jiwe lilikuwa limefifia, na ndani yake kulikuwa na mistari myeupe, mingi, kama udongo uliokaukiwa na maji. Nililisugua kwa kitambaa. Nikalisugua tena, mjinga mimi. Nikakaa sakafuni.

Nilifikiria kukimbilia kwa mjomba kule Mai Mahiu, ila njiani kulikuwa na vizuizi vya askari. Nilifikiria kukirudisha kwenye droo na kunyamaza. Nyumbani ugali ulinishinda, mke wangu akaniuliza mpaka nikamwambia. Alinisikiliza huku ameshika tumbo. "Mficha uchi hazai," akasema, "na mimi nataka kuzaa."

Jumatano bwana alikuwa hajavua koti nilipomwambia. Aliweka kioo chake jichoni, akaligeuza jiwe huku na huku kwenye mwanga, nami nikiangalia mkono wake kama utaelekea mlangoni.

"Hii jiwe nazaliwa na nyufa," akasema mwishowe. "Nyufa iko siku zote. Mafuta naficha. Wewe natoa mafuta."

Haki ya Mungu, nilikasirika. Kumbe kitu cha juu namna hiyo nacho kinafichiwa nyufa, na mimi ningejuaje? Bwana akapasha moto kidogo mafuta yaliyonukia kama nguzo mpya za mwerezi za uzio kule Ndabibi, akalilaza jiwe humo. Siku mbili nilipita mbele ya bakuli lile nikichungulia. Ijumaa mistari ilikuwa imezama, isipokuwa mmoja, mwembamba, karibu na ukingo.

Memsahib alikuja jioni hiyo hiyo. Alitazama uso wa kidani, halafu akakigeuza. Akauliza nani amekiosha, maana tangu akipewe hajawahi kuuona mgongo wake safi hivyo. Sikujua kama ni sifa au ni mtego. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya mfuko wenye pasi.

"Mimi naosha, memsahib," bwana akasema. "Maji yangu natoa mafuta ya jiwe. Sasa iko mstari moja, hapa." Akamwonyesha kwa ukucha wake mwenyewe.

Mama yule aligeuka mwekundu. Alisema atatafuta sonara anayejua kazi, na kwamba jirani zake wote watasikia. Akaondoka na kidani chake, na kweli hakurudi, wala hatukuona tena mteja kutoka upande ule. Nilifungua mdomo kumshukuru bwana. Yeye akanisogezea trei ya bangili.

Mtoto wetu alizaliwa Nakuru, na muhuri wangu ulibaki. Nilifanya kazi pale miaka sita mingine. Jiwe bwana hakuniwekea mezani kamwe, hata dogo. Na kila bangili niliyomkabidhi aliigeuza kwanza, akatazama mgongo, akakuta ni safi, akaiweka chini.