Kijiko cha Jino la Kwanza

Kabati la vioo la marehemu Rodion Savelyevich, Ufalme wa Mbinguni uwe wake, halikuwahi kutoa kitu. Lilipokea tu. Viliingia humo vikombe vya fedha vya kunywea kilevi, vidogo kiasi cha kufichwa kiganjani. Vikaingia visanduku vya sigara, vijiko vya fedha, brochi za kifuani za almasi zilizopoteza jiwe, chombo cha chumvi chenye umbo la kiti cha enzi, na yai la Pasaka la dhahabu, dogo kama harage, la kuning'iniza kwenye mkufu. Vyote ni kazi za masonara wa enzi ya Tsar. Kabati lilisimama chumbani kwake, Kisiwa cha Vasilyevsky, jirani na pembe ya picha takatifu. Katikati ya rafu ya juu, kwenye kitambaa cha bluu, kililala kijiko cha mama.

Glafira, dada yake, alikitaka kijiko hicho tu. Almasi na dhahabu Rodion angeweza kuzikwa nazo kama angependa. Bibi yao alikipata kijiko kile katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja, alikokuwa yaya wa kunyonyesha: fedha iliyopakwa dhahabu, na mgongoni maua meupe na ya samawati ya rangi ya kioo, kila ua limezungushiwa uzi mwembamba wa fedha. Kwetu mtoto akiota jino la kwanza hugongwa jino hilo kwa kijiko cha fedha mpaka lilie kama kengele, halafu huachiwa kijiko akitafune. Mama yao alikitafuna. Rodion alikitafuna. Glafira alikitafuna, na hata Taisia, binti yake, kabla mama yao hajafariki. Ukingo wake ulikuwa umejaa vishimo vidogo vya meno ya familia nzima. Mama alipozikwa, Rodion alikichukua, akasema atakitunza. Kikawa kitu cha kwanza katika kabati, na kabati lenyewe likaota kukizunguka.

Kazi yake Rodion ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika kliniki moja. Alimimina dhahabu katika vinywa vya watu mchana kutwa, na yeye mwenyewe alitafunia upande mmoja, maana pesa za kuziba mapengo yake ziliishia kwa wauza vitu vya kale. Alikula uji wa ngano nyeusi asubuhi na jioni. Viatu alivibandika gundi. Wanawake wawili walijaribu kuolewa naye. Kila mmoja alipoona kabati lile, alivaa koti lake akaenda zake.

Mwaka juzi, Alhamisi Kuu, siku tunayosugua nyumba kabla ya Pasaka, Glafira alikwenda kumsaidia usafi kama kawaida. Alikuwa na neno lake tayari.

"Kaka, Taisia atajifungua kiangazi."

"Nimesikia. Mungu amsaidie."

"Sasa kile kijiko."

"Kijiko gani?"

"Usinifanye mjinga, Rodya. Cha mama."

Rodion alikuwa anafuta chombo cha chumvi. Aliendelea kukifuta mahali palepale. "Glasha, hicho kimekuwa kitu cha makumbusho. Mtoto akitie mate?"

"Wewe hukukitia mate? Mama alisema ulikitafuna kama mbwa aliyepata mfupa!"

Masikio yake yakawa mekundu. "Usifute kioo kwa kitambaa hicho. Kina sabuni."

"Nakuuliza habari ya mtoto, unanijibu habari ya sabuni!"

"Nimesema tutaona. Si nimesema?"

Hakuwa amesema. Glafira alisugua sakafu yake kwa hasira hadi mbao zikalia, akaondoka bila kunywa chai. Kabla ya kutoka alisogeza uso wake kwenye kioo cha kabati. Kijiko kilikuwa kimelazwa kifudifudi, maua juu, kama wakusanyaji wote wanavyolaza vijiko vya namna hiyo, kizuri, kinang'aa, kimefungiwa.

Jumamosi zote Rodion alikuwa soko la Udelnaya, pale watu wanapotandika vitu vya marehemu wao chini kwenye mashuka. Siku moja Glafira alimfuata ili amsihi njiani. Alichokiona kilimtia wasiwasi. Kaka yake alipita vikombe vizuri bila kuvitazama, akainama kwenye makopo ya vijiko vikuukuu, akavitoa kimoja kimoja na kupitisha kidole gumba ukingoni, macho yamefumbwa kama mtu anayesali.

"Haya, fundi meno kaja kupima vijiko!" muuzaji mmoja mwanamke alimtania. "Babu, hicho kinahitaji kung'olewa au kuzibwa?"

Watu walicheka. Rodion alicheka pia, akarudisha kijiko ndani ya kopo. Glafira hakucheka. Anacho cha mama nyumbani, aliwaza, kimefungiwa kwa ufunguo, na bado anatafuta vingine. Tamaa gani hii, Bwana?

Mtoto alizaliwa, akapewa jina Tihon. Rodion alichaguliwa kuwa baba wa ubatizo. Siku ya ubatizo padri alisubiri, mishumaa ikasubiri, mtoto akalia hadi akachoka. Rodion aliingia kanisani akihema, tope la Udelnaya limemfika magotini, mikono mitupu.

"Hata leo?" Glafira alimnong'oneza akiwa amebana meno. "Hata leo, Rodya?"

"Nilidhani..." alisema, akanyoosha mikono kumpokea mtoto.

Jino la Tihon lilitokea katikati ya baridi. Taisia ndiye aliyeliona kwanza, akapiga kelele nyumba nzima, na wakaligonga kwa kijiko cha chuma cha jikoni. Halikulia. Lilitoa mlio mfupi, mkavu, kama mtu anayegonga bomba. Tangu siku hiyo Glafira hakupokea simu ya kaka yake.

Ikaja Jumapili ya Msamaha. Kabla ya Kwaresima kila mmoja kwetu humwinamia mwenzake akiomba radhi, na jibu ni moja: Mungu atasamehe, nami nasamehe. Rodion alikuja mlangoni kwa dada yake. Hakuinama kidogo kama wengine. Alipiga magoti hasa, mzee yule mwenye magoti mabovu, akagusa kizingiti kwa paji la uso.

"Nisamehe, Glasha. Kwa habari ya kijiko."

"Nipe kijiko, nitakusamehe."

Aliinua uso. Akashika ukuta, akasimama kwa shida, akashuka ngazi.

Jumamosi moja ya Kwaresima aliteleza kwenye barafu karibu na lango la soko, akavunjika nyonga. Hospitalini mapafu yakajaa. Glafira alikwenda na supu. Rodion alikuwa amelala, na alipoamka ilikuwa ni kuomba maji tu. Padri aliwahi kumpa komunyo. Hakuifikia Pasaka.

Arobaini yake iliangukia siku njema, baada ya Pasaka, watu bado wanasalimiana kwa "Kristo amefufuka." Walikusanyika chumbani kwake. Kwenye meza ya marehemu hatuweki uma wala kisu. Ni vijiko tu. Majirani walikuja wengi kuliko ilivyotegemewa, na ngano ya asali na zabibu ilipofika mezani, vijiko vikapungua.

"Mama, fungua kabati," Taisia alisema.

"La kaka yangu?"

"Sasa hao watu wale kwa vidole? Vijiko vimejaa mle. Leo ni siku yake, acha alishe wageni."

Ufunguo ulikuwa nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikola, mahali ambapo Rodion aliamini mwizi angeona haya. Glafira alifanya ishara ya msalaba, akafungua. Aligawa vijiko vya fedha kwa majirani waliozoea vya bati, nao wakavishika kwa woga kama vingeweza kuwang'ata. Cha mwisho alikitoa cha mama, kwa ajili yake mwenyewe. Alikigeuza na kupitisha kidole gumba ukingoni.

Palikuwa laini.

Alipitisha tena. Akakipeleka dirishani. Dhahabu ya ndani ilikuwa nzima, ukingo mzima, hakuna shimo hata la sindano.

Kando ya meza alikaa Yevsei Lukich, mkusanyaji mwenzake Rodion, waliyekuwa wakigombana na kunywa pamoja tangu ujana. Glafira alisimama mbele yake.

"Yevsei Lukich, hiki si chenyewe."

Yevsei aliacha kutafuna. "Chenyewe kipi, dada?"

"Cha mama yetu kina meno. Hiki hakina."

"Kwani hakukwambia?" Yevsei aliweka kijiko chini. "Loo, Rodion, Rodion! Dada Glafira, alibadilishana na mimi. Vilikuwa mapacha! Sonara mmoja, muhuri mmoja, maua yaleyale. Changu kizima, chake kimetafunwa. Nani asingebadilisha? Mkusanyaji kazi yake ni hiyo, unatoa kibovu unachukua kizuri. Akaniongezea na kisanduku cha sigara juu."

"Akakuongezea?"

"Na akafurahi! Tulikunywa siku ile, tukaimba. Siku chache mbele akanirudia uso mweupe kama unga. 'Nirudishie, Yevsei, kile ni cha mama.' Nitamrudishia nini? Nilikuwa nimeshamuuzia mgeni mpita njia, hata jina sikumuuliza."

"Lini?"

"Zamani. Huyu Taisia alikuwa bado anabeba mkoba wa shule."

Glafira alikaa chini. Miaka yote ile alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Alitamani kumshika Rodion mabegani na kumtikisa hadi meno yake yaliyobaki yagongane. "Si angesema! Neno moja tu!"

"Alisema kwanza akipate, ndipo aseme. Mkaidi, unamjua. Siku ya ubatizo mimi ndiye niliyempigia simu: kuna mama anauza kijiko kilichotafunwa, kimbia. Akakimbia."

"Kikawaje?"

"Kilitafunwa na mbwa," Yevsei alisema, na alitaka kucheka, lakini machozi yakamtoka.

Tihon alikuwa mapajani kwa Taisia, ana meno mawili chini na ya juu yanakuja, udelele hadi kifuani. Alinyoosha mkono kwenye kitu kinachong'aa. Glafira alikitazama kijiko kile, kizuri, kigeni, kilichomgharimu cha mama yake. Akampa.

Mtoto alikitia kinywani na kuking'ata kwa nguvu.

"Mnyang'anyeni!" Yevsei aliruka. "Hicho kizima hicho! Mjini hapa hakuna kingine kizima!"

"Mwache."

"Dada, kitaharibika!"

"Nimesema mwache, Yevsei Lukich. Kula ngano yako."

Tihon alipochoka, Glafira alikifuta kwenye aproni na kukigeuza mwangani. Ukingoni palikuwa na mkwaruzo mfupi, na kando yake kishimo kimoja, hafifu sana. Alimrudishia mtoto.

Kisha akaigeukia picha ya kaka yake, iliyowekewa mbele, kama ilivyo desturi kwa marehemu, glasi ya vodka iliyofunikwa kwa kipande cha mkate. Rodion alimtazama kwa uso wake uleule wa tutaona.

"Mungu atasamehe, Rodya," alisema.

Nusu iliyobaki ya jibu aliondoka nayo. Akaenda jikoni kuleta kinywaji cha matunda, akasimama juu ya sufuria akikoroga kitu kisichohitaji kukorogwa, na huko ndiko alikoimalizia, kwa sauti ya chini, bado amekasirika.

"Nami nasamehe. Mpumbavu wewe. Nami nasamehe."