Hakuna Treni Leo

Kiwandani redio ilikuwa marufuku. Gerri Hudak alilijua hilo tangu siku ya kwanza alipopandishwa kwenye kreni, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mabega ya baba yake, na siku ya pili akaenda na redio. Aliifunga kwa utepe chini ya kiti. Msimamizi wake, mtu mmoja mfupi aitwaye Stanfield, akaichukua. Gerri akaleta nyingine. Stanfield akachukua na hiyo. Mchezo ukaendelea hivyo mpaka mke wa Stanfield akamwuliza mumewe kama amefungua duka la redio.

Hiyo ni Lorain, Ohio, kule Marekani, enzi zile tanuri za chuma zikiwaka usiku kucha na kila mwenye mikono akiwa na kazi. Stesheni ya redio iliyompa Gerri kiburi chote hicho ilikuwa chumba kimoja na nusu juu ya duka la matairi, ikipiga muziki wa roki asubuhi hadi asubuhi, na sauti yake ilikuwa ya Lenny Vargo. Lenny hakuwa na sauti nzuri. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi na hajafurahia kuamshwa, na mji mzima ulimpenda kwa sababu nao uliamka hivyo hivyo.

Sasa kuna siri ya watangazaji, nao ukiwauliza watakukatalia kavu. Wimbo mrefu haupigwi kwa sababu ni mzuri. Unapigwa kwa sababu mtangazaji kabanwa. Wimbo wa Lenny wa kujisitiri ulikuwa "Taa ya Jikoni" wa Dane Tolliver, mrefu wa kutosha kwenda chooni, kupanda paani kuvuta sigara, na kurudi bila haraka. Unamhusu kijana anayeuhama mji wake. Beti ya kwanza anagombana na baba yake, beti ya pili anafika stesheni, anaweka mguu kwenye ngazi ya treni. Beti ya tatu treni inaondoka naye, na gitaa linalia mpaka unamhurumia. Na baada ya beti ya kwanza, na tena mwishoni, kuna kiitikio: "Mama, usizime taa ya jikoni, nipo njiani, nipo njiani."

Januari ya mwaka sabini na nane theluji ilishuka Ohio kama mtu aliyeapa. Ilifunika magari, ikafunika milango. Lenny alinaswa kule juu ya duka la matairi peke yake, na kwa kuwa hakuwa na wa kumpokea, akatangaza kutwa kucha: mtaa gani umefunguliwa, nani ana mkate wa ziada, nani mgonjwa na yuko wapi. Gerri alikuwa jikoni kwa wazazi wake, wote watatu wamejifunika zulia, wakichoma miguu ya viti vya sebuleni kimoja baada ya kingine. Redio ilikuwa moja ya zile alizokuwa bado hajanyang'anywa.

Asubuhi moja Lenny akafungua kopo la dagaa juu ya santuri iliyokuwa inazunguka. Njaa haina adabu. Kifuniko kikamponyoka, kikaikwaruza santuri. Kijana wa kwenye wimbo akaweka mguu kwenye ngazi ya treni, sindano ikalia tik, ikairuka beti ya tatu yote, ikatua kwenye kiitikio: mama, usizime taa ya jikoni. Wimbo ulipokwisha Lenny akasema, kwa sauti yake ile ya usingizi, "Samahani, jamani. Kijana kanasa. Hakuna treni leo."

Baba yake Gerri, mzee ambaye hakuwa amecheka tangu theluji ianze, alicheka mpaka zulia likamwanguka.

Tangu siku hiyo Lorain iliuimba wimbo hivyo. Baa zote, gereji zote: mguu kwenye ngazi, watu wote wapaze sauti "Hakuna treni!", kisha kiitikio. Masika yalipofika Lenny akanunua santuri mpya, akaipiga, na simu hazikutulia siku nzima. Watu walilalamika kwamba kanunua mbovu. Mume wa Loretta Szabo, rafiki yake Gerri, alikwenda kurudisha ya kwake dukani akidai pesa zake, kwamba ina kipande kirefu katikati kisicho chake. Lenny akairudisha ile yenye mkwaruzo, mambo yakaisha.

Mwaka uliofuata Tolliver alikuja Cleveland, mwendo wa nusu saa tu. Gerri alikuwa na tiketi. Stanfield, ambaye hakusahau zile redio, akampangia zamu mbili mfululizo siku hiyo hiyo. Gerri alikaa juu ya kreni akiinua chuma huku ziwa lote la pale mjini likimtenga na mtu aliyetaka kumwona kuliko mtu yeyote duniani. Ziwa lenyewe halikuwa katikati, lakini ndivyo alivyokuwa akilisimulia, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Kiwanda kikapunguza watu, kisha kikapunguza tena, mpaka kilichobaki hakikustahili jina. Ndugu zake wakaenda Texas, majirani wakaenda Carolina. Gerri akapata kazi ya lori la kusukuma theluji la manispaa, akaifanya mpaka akastaafu. Lenny akafariki. Stesheni ikanunuliwa na watu wa mbali, sasa inaendeshwa na kompyuta ambayo haibanwi na haili dagaa.

Ndiyo maana kila Ijumaa wapenzi wa zamani wa stesheni hukutana kwenye klabu ya Waslovaki, kwenye samaki wa kukaanga, pierogi, zile kama sambusa za kuchemsha zenye viazi, na bia, kukumbushana. Nani alirekodi nini kwenye kaseti. Nani alikuwa ndiye mpigaji simu wa tisa kwenye shindano la Lenny akashinda fulana, na kwa nini anadanganya. Otis Pruitt, aliyekuwa mchomeleaji kiwandani, ndiye mwenye kumbukumbu kubwa kuliko wote na ndiye anayetaniwa kuliko wote, kwa sababu mchango wake katika kila ubishi ni kwamba kinanda kilistahili sauti zaidi. Na kila Ijumaa hufunga kwa "Taa ya Jikoni", kwa mkwaruzo wake.

Kiangazi cha mwaka juzi habari ikaja kwamba Dane Tolliver, mzee sasa kama wao, angeimba kwenye maonyesho ya wakulima ya wilaya. Desturi yake ya uzeeni ni kwamba kila mji anaopita huchukua kwaya ya wenyeji ya kusimama nyuma yake kwenye wimbo wa mwisho. Safari hii walichaguliwa watu wa klabu. Gerri aliposikia alikwenda kukaa chooni peke yake muda mrefu. Alitoka amenawa uso, akaagiza bia kwa wote.

Aliyetumwa kuwafundisha alikuwa Kyle Denholm, kijana mpole mwenye kompyuta kwapani. Aliwasikiliza wakiimba, akatabasamu, halafu akasema kuna kipande wamekisahau. Wakamweleza. Akacheka vizuri tu, akasema ni hadithi tamu sana, ila Bwana Tolliver anataka wimbo wake kama alivyoutunga. Kila atakayepanda jukwaani aimbe beti ya tatu.

Gerri akasema yeye atafumba mdomo kwenye beti hiyo. Kyle akasema haiwezekani, kuna kamera.

"Beti ya tatu siijui," Gerri akasema, "na sitaki kuijua."

"Ni mistari minne tu, mama."

"Basi kaiimbe wewe, baba. Mimi nimewazika watu hapa. Nimewaondolea theluji milangoni wale waliobaki. Walioondoka wana nyimbo zao. Huu ni wetu, na kwenye huu hakuna anayeondoka."

Otis alimvuta pembeni. Alimwambia amemsubiri huyu mtu tangu ana nywele nyeusi. Aimbe mistari minne, ashuke, Jumatatu waendelee na maisha. Alisema kwa mapenzi, na Gerri alijua. Lakini akachukua koti lake. Aliumia, asije mtu akasema hakuumia. Mara ya kwanza Stanfield ndiye aliyemnyima. Mara hii alijinyima mwenyewe, na hiyo ya pili ndiyo inayouma zaidi.

Siku ya maonyesho alilipa kiingilio kama kila mtu, akaketi kwenye benchi la bati na chipsi zilizomwagiwa siki, kati ya familia yenye watoto watatu na mzee mwenye mbuzi aliyeshinda utepe. Tolliver alikuwa amekonda. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini mikono bado ilikuwa yake. Mwishoni kwaya ikapanda, Loretta kwa rangi ya mdomo, Otis kwa tai. Gerri akawatazama, akajiambia hatafanya lolote.

Beti ya kwanza. Beti ya pili. Tolliver akaweka mguu kwenye ngazi ya treni, na Gerri Hudak akajikuta amesimama.

"Hakuna treni!"

Ilikuwa sauti iliyofunzwa kushinda mitambo. Sekunde moja ilikuwa peke yake, na watoto wale watatu walimkodolea macho. Kisha jukwaa lote la watazamaji likainuka nyuma yake, gereji na baa zote za Lorain, zikaingia kwenye kiitikio. Tolliver akaendelea na beti yake ya tatu, maana naye ana kiburi. Treni yake ikaondoka. Watu wakamaliza kiitikio wakakianza tena. Otis, aliyeijua beti ya tatu kuliko wote, akamtazama Kyle, akalegeza tai, akahamia kwenye kiitikio cha watu, Loretta akamfuata. Halafu mpiga ngoma naye akahama. Mzee wa watu akasafiri na treni yake peke yake mpaka mwisho wa beti, na alipofika kwenye kiitikio akawakuta humo humo, wakimngoja.

Akaacha kuimba, akasikiliza. Walipomaliza akauliza kwenye kipaza sauti ni nani aliyeanza, na watu elfu mbili wakamwonyesha kwa vidole bila haya.

Kyle alipanda ngazi za bati mbio, akihema, kusema Bwana Tolliver anarudia wimbo na anamtaka jukwaani, pale pale karibu naye.

Gerri aliangalia chini kule. Palikuwa karibu sana.

"Mwambie nasikia vizuri hapa hapa," akasema. "Mimi siyo mtu wa kuhama."

Kwa hiyo Tolliver akarudia. Alipofika kwenye ngazi ya treni akaweka mguu, akanyamaza, bendi ikanyamaza naye, akainua uso kuelekea benchi lake. Watu wote wakageuka. Hakuna aliyefungua mdomo. Walijua ni zamu ya nani.

Gerri alikuwa amemsubiri mtu huyu tangu zamu mbili za Stanfield. Akachukua chipsi moja, akaitafuna taratibu mpaka mwisho, akajifuta vidole, na Dane Tolliver akasimama pale mguu juu, akingoja aambiwe.