Dume la Shemeji

Kila Ijumaa Norbert Kubiszak alikula samaki wake wa kukaanga chini ya pembe za kulungu wa shemeji yake, na kila Ijumaa alirudi nyumbani akilalamika kwamba samaki alikuwa na mafuta mengi.

Pembe hizo zilitundikwa juu ya kaunta ya baa ya Butch Hanneman. Zilikuwa za Askofu, dume la Lyle Drossart. Wafugaji wa kulungu huwakata madume pembe kabla ya msimu wa kupandana ili wasichomane, na mwaka ambao pembe za Askofu zilipita zote zilizowahi kuonekana upande ule wa Wisconsin, Lyle alizichukua akampa Hanneman. Wawindaji waliopita pale njiani walipiga nazo picha. Hakuna aliyepiga picha na Norbert, ambaye ndiye aliyemfundisha Lyle kufuga kulungu.

Alimfundisha kila kitu. Mzee Drossart alipokuwa hai, Norbert, mkwe wake, ndiye aliyekamua ng'ombe wa mzee asubuhi na jioni, majira ya theluji na majira ya nzi, wakati Lyle akiuza matrekta mjini. Mzee alipofariki, shamba liligawanywa sehemu mbili. Lyle, mtoto wa kiume, alipata upande wenye kijito na banda kubwa. Arlyss, mke wa Norbert, alipata upande wenye mawe. Maziwa yalipokosa faida, Norbert aliuza ng'ombe, akainua uzio, akaanza kufuga kulungu wa kuuzia mashamba ya uwindaji, ambako watu hulipia pembe kubwa kuliko wanavyolipia nyama. Lyle alikuja kutazama, akauliza maswali, akarudi kwake akainua uzio wake. Kisha akanunua dume moja tu, na dume hilo likawa Askofu.

Norbert aliwahi kuomba. Alikuwa na jike zuri, Marlena, mwenye mgongo mrefu na damu ya madume wakubwa, na alimwomba Lyle amruhusu Askofu ampande. Alikosea kuomba akiwa baa.

"Shemeji," Lyle alisema, akiinua glasi yake ili wote waone kwamba mzaha unakuja, "Askofu habariki kila parokia."

Watu walicheka mpaka Hanneman akaweka sinia chini. Norbert naye alicheka. Nyumbani alimwambia Arlyss kwamba ndugu yake ni mtu wa ovyo, na Arlyss akamjibu kwamba mzaha ni mzaha, kisha akaendelea kukunja nguo.

Kati ya mashamba hayo mawili palikuwa na nyuzio mbili, za urefu wa kumzuia kulungu kuruka, na baina yake ukanda wa majani ambao hakuna mnyama aliyeruhusiwa kukanyaga. Serikali ya jimbo ndiyo iliyoagiza hivyo. Kulungu wa porini walikuwa wamepatwa na ugonjwa wa kukonda, unaokula ubongo polepole kwa miaka bila dalili hadi mnyama anaanza kudondosha mate, anakuwa mifupa, anakufa. Hauna chanjo wala dawa, hukaa kwenye udongo miaka mingi, na huambukizwa kwa mate na mkojo, kwa hiyo kulungu wa shamba moja hawakutakiwa hata kugusana pua na wa shamba lingine. Kila mnyama alivishwa hereni sikioni. Kila aliyekufa, kichwa chake kilipelekwa maabara. Hakuna aliyehamishwa bila kibali. Wafugaji walilalamikia masharti haya kama wanavyolalamikia hali ya hewa, na waliyatimiza.

Ukanda ulikuwa na lango kila upande, kwa ajili ya mashine ya kufyeka majani.

Mwezi wa Novemba, wiki ya kufungua uwindaji, Lyle alikwenda kaskazini na rafiki zake kama kila mwaka, na kama kila mwaka alimwomba Norbert amlishie wanyama. Asubuhi ya pili Norbert alifungua malango yote mawili. Alitikisa ndoo ya mahindi, na Askofu akamfuata katika ukanda kama mbwa, akaingia kwenye zizi la Marlena. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amesharudishwa kwake.

Hakuona kama ameiba. Zamani za ng'ombe, fahali la jirani liliruka uzio, likafanya lililofanya, na mwenyewe alipokuja kulichukua mlimpa bia yakaisha. Ndivyo Norbert alivyojiambia akifunga lango. Alikuwa amefikiria fahali. Ukanda wa majani alikuwa ameufanya njia tu, akasahau kwa nini uliwekwa.

Mwishoni mwa Mei Marlena alizaa dume. Katika kiangazi chake cha tatu pembe zake zilitawanyika kiasi kwamba alilazimika kuinamisha kichwa upande ili apite mlangoni mwa banda. Norbert alimwita Kardinali, kwa kuwa kardinali humpita askofu.

"Umefungua Vatikani sasa, bwana?" Hanneman alimuuliza, akamwekea brandi bila kuambiwa.

Wawindaji sasa walipita kwa Norbert kwanza. Lyle mwenyewe alikuja siku moja, akasimama kwenye uzio muda mrefu, akauliza baba wa Kardinali ni nani. Norbert alimtajia dume lake la zamani lililokwisha kufa. Lyle alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kulikumbuka dume hilo na asiweze kuona alilikosea wapi. Usiku ule Norbert alilala usingizi wa mtoto.

Agosti ya mwaka huohuo Askofu alianza kudondosha mate. Alikonda mbele ya macho ya watu, akasimama pembeni peke yake masikio yamelegea, na asubuhi moja Lyle alimkuta ameanguka kando ya maji. Kichwa kilipelekwa. Jibu lilirudi, na pamoja nalo akaja Daktari Tess Amundrud, mganga wa mifugo wa jimbo, mwanamke mpole aliyezungumza kwa sauti ya chini kama aliyezoea kuleta habari za msiba. Shamba la Lyle lilifungwa. Kulungu wake wote wangeuawa, wapimwe, na ardhi ile isikanyagwe na kulungu kwa miaka mingi.

Daktari alikuja kwa Norbert pia, wakakaa jikoni. Alitaka kujua kama ndani ya miaka mitano iliyopita mnyama yeyote wa Lyle aliwahi kukutana na wa kwake. Kama yupo, alieleza, kundi lake nalo lingehesabiwa limeambukizwa. Aliuliza kama uzio wa pili ulikuwa mzima wakati wote.

"Mzima, Daktari," Norbert alijibu. "Kautazame mwenyewe."

Alikwenda akautazama, na ulikuwa mzima. Shamba la Norbert halikufungwa.

Ungedhani basi wivu ungekoma. Siku waliyokuja wapigaji risasi kwa Lyle, magari ya waumini wa parokia yalipanga mstari hadi barabarani. Wanawake walibeba mabakuli ya viazi na nyama yaliyofunikwa vizuri. Padri alikuja. Hanneman alifunga baa mchana, jambo ambalo hakulifanya hata mama yake alipozikwa. Arlyss alipika kila siku akapeleka kwa ndugu yake, na mara mbili alisahau kwamba na nyumbani kuna mtu.

"Mimi nami nina tumbo," Norbert alimwambia.

"Wewe una kulungu," alijibu, akachukua ufunguo wa gari.

Norbert alikaa mezani akasikia mlango ukifungwa. Katika maisha yake yote aliyoyatumia kukamua ng'ombe wa mtu, hakuna aliyewahi kumletea bakuli. Lyle alikuwa bora kuliko yeye hata kwenye msiba.

Wiki chache baadaye Lyle alikuja bandani. Alikuwa amepungua, shati limemlegea shingoni. Hakukaa. Alieleza kwamba binamu yake wa kaunti nyingine amempa sehemu ya shamba, na amekwisha kununua majike kutoka kwenye makundi safi, yaliyopimwa miaka mingi bila doa. Alitia humo kila alichobakiwa nacho. Alichokosa ni dume.

"Niuzie Kardinali, shemeji. Au tushirikiane, vyovyote utakavyo," alisema. Kisha, akitazama sakafu, akaongeza, "Nitakwambia kitu. Tangu uanze kutembea na yule dume mbele ya watu, sijalala vizuri. Nilijiuliza, huyu amewezaje, na mimi nina kijito na banda na Askofu? Nilikuonea wivu, Norbert. Ndiyo hivyo."

Norbert aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyepewa maji baada ya kungoja tangu ujana. Alijikuta anamwomba Lyle ayarudie, akisingizia kwamba hakusikia kwa sababu ya feni ya banda. Lyle aliyarudia. Norbert alikubali kuuza. Daktari alitoa kibali kwa kuwa shamba halikuwa na doa, na Ijumaa ile Norbert alikula samaki wote sahanini na akaagiza wengine.

Utamu uliisha katikati ya juma. Alikuwa akimpa Kardinali mahindi ilipomjia kwamba alichoonewa wivu hakikuwa chake. Lyle alikuwa akilionea wivu dume lake mwenyewe. Akifa Norbert leo, sifa ya maisha yake ingekuwa damu ya Askofu. Alimtazama Kardinali akitafuna, afya tele, manyoya yanang'aa, akakumbuka kwamba Askofu naye alikuwa hivyohivyo kwa miaka.

Siku ya kupakia, Lyle alirudisha trela hadi kwenye mlango wa zizi, akashuka akiwa amevaa shati safi. Arlyss alikuja na kahawa. Norbert alishika komeo la lango na hakulifungua.

"Haendi," alisema.

"Shemeji, tulielewana."

"Baba yake ni Askofu. Mwaka ule ulipokwenda kuwinda. Nilimpitisha kwenye ukanda."

Lyle hakupaza sauti. Aliuliza Askofu alikaa na nani na kwa muda gani, na kama alikunywa maji. Norbert alisema alikunywa kwenye hori la maji la Marlena. Lyle alitazama trela, akatazama barabara inayokwenda kwenye majike yake safi, akavua kofia akaipangusa ndani kwa kiganja.

"Ulinyimwa," alisema hatimaye, "ukasubiri nikuamini nikuachie ndoo. Na juzi umenifanya niseme yale maneno mara mbili."

Arlyss alimimina kahawa chini kwenye majani, akaingia ndani kumpigia daktari simu. Hakumuuliza mumewe kama apige.

Kundi la Norbert liliuawa kabla ya theluji ya kwanza. Lango la barabarani lilikuwa wazi na hakuna gari lililoingia isipokuwa la daktari na la wapigaji. Lyle peke yake alikuja kwa miguu, akasimama upande wake wa ukanda. Marlena alipopimwa, alikutwa na ugonjwa. Kardinali hakukutwa na kitu, lakini ugonjwa huo haupimiki kwa uhakika ubongoni mpaka mnyama afe, kwa hiyo hakukuwa na njia nyingine ya kumjua.

Siku ile ya kuua, walipokuwa wakimvuta Kardinali kwenye gari, pembe zake, ambazo mwaka huo hazikukatwa, zilikwama mlangoni, na wale wanaume wawili ikabidi wamgeuze ubavu.

"Alimpita baba yake," Lyle alisema kutoka ng'ambo ya uzio. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Damu yangu ile."

Norbert alitaka kumwambia kwamba mama ni wake, mgongo ule mrefu ni wa Marlena, kwamba mahindi na baridi ya alfajiri vilikuwa vyake. Lakini Lyle alikuwa amekwisha kugeuka, akirudi kwake kando ya kijito, na Norbert alibaki ameshika waya, akimtazama jinsi anavyotembea kama mtu mwenye shamba.