Mapafu ya Kamongo

Usinikunjie pua kabla sijamaliza. Kamongo ni samaki na ana mapafu, tena mawili. Nimeyaona kwa macho haya kabla mama yako hajazaliwa. Ukibisha, nenda mwaloni kwa wavuvi ukanunue wako umpasue.

Nilipokuwa mtoto, Ilemela ikiwa bado mawe na mashamba ya mihogo, kwetu mwanamke hakula kamongo wala hakumgusa. Wanaume walimpika nje, kwa chungu chake. Bibi alinionya, "Mtoto wa kike akimpasua, kamongo atamlia bahati yake." Na mimi nilikuwa mtoto wa kupasua kila kitu: vyura, matumbo ya kuku, hata jipu la mbwa wetu. Kwa hiyo siku baba alipomfukua mmoja kwenye tope la kiangazi, akamuua, akaenda kutafuta kuni, nilichukua kisu.

Mdogo wangu Magesa alisimama nyuma yangu amefumba macho. Damu hakuweza kuitazama.

"Umeona nini?" akauliza.

"Fumbua uone, mwoga we!"

Nilichomeka bua la tete kooni mwa kamongo nikapuliza. Mifuko miwili ikavimba kama mapafu ya mbuzi. Hapo ndipo Magesa alipofumbua jicho moja. Nikamwapisha asiseme, akalamba kidole, akakielekeza juu. Baba aliporudi alidhani Magesa ndiye aliyepasua, akamsifu. Magesa akazipokea sifa.

Tulikuwa darasa moja, la nne. Mtihani wa kwenda shule ya kati ulikuwa karibu, nafasi chache, na darasani hakuwahi kunipita. Siku mbili kabla ya mtihani Magesa akaenda kumwambia Bibi kwamba ni mimi niliyempasua kamongo. Bibi akanifungia ndani siku saba kunitoa nuksi, kwa dawa za kuoga na uji usio na chumvi. Asubuhi ya mtihani nilimwona Magesa kupitia ufa wa ukuta, amevaa kaptula safi.

"Magesa! Waambie wanifungulie!"

Akaongeza mwendo.

Alifaulu, akawa daktari, na daktari mzuri. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Mimi nikauza dagaa. Nilimsamehe. Nilijiambia alikuwa mtoto, aliogopa kuachwa nyuma.

Kisha miaka ya tisini serikali ikaruhusu tena watu kufungua zahanati zao wenyewe. Magesa alikuwa amestaafu, akafungua yake pale Mirongo. Tukaalikwa, tukapewa soda. Akasimama kuwaeleza wageni jinsi udaktari ulivyomwingia utotoni: kamongo, kisu, bua la tete. Watu wakapiga makofi.

"Magesa," nikasema, "aliyepuliza ni nani?"

Akacheka, akaniwekea mkono begani. "Dada yangu huyu! Alimwogopa kamongo mpaka akakimbilia kwa Bibi."

Chumba kizima kikacheka naye.

Bibi alisema kweli, bahati yangu ililiwa. Alikosea mlaji tu. Shule nilikwisha kuiacha iende zake. Lakini yale mapafu yalikuwa yangu. Katika maisha yangu yote ndicho kitu nilichokiona mimi kabla ya mtu mwingine, na mtu mzima mwenye mvi alikichukua nikiwa nimekaa pale pale.

Nikautoa mkono wake begani.

"Shikamoo, daktari," nikamwambia, mimi niliyemtangulia kuzaliwa.

Sikungoja marahaba. Nikatoka, nikaufunga mlango.