Mesié Lini na Swali la Mama

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lakini siku ile kule Tonawanda, hata padri angevua kiatu ampige yule Derek.

Bon, nianze na kaka yangu. Zenoni Lini, miaka ishirini na tisa, anafunga maboksi kwenye ghala moja huku Columbus, anakaa Northland, mlango unaofuata wangu. Tumbo moja, baba wawili. Babake alikuwa Mchina, injinia wa barabara kule Bukavu, jina la ukoo Lin. Sasa sisi jina hatuliachi liishie hewani, tukalitia i. Mji mzima ukamwita Mesié Lini, yaani Bwana Lini, na mtoto naye akaitwa Lini. Watoto wenzake wakapata mchezo: "Lini, babako anarudi lini?" Kila wiki alirudi nyumbani na mdomo umevimba kwa kupigana.

Baba mtu aliondoka mwaka tisini na sita, vita ikikaribia. Mama alikuwa na mimba na hajamwambia. Kilichobaki ni picha yake moja, nyuma ina maandishi ya Kichina. Mwaka huu Mchina mmoja wa kazini aliyasoma, akaituma picha kwenye kundi la simu la watu wa ukoo wa Lin. Akajibu mama mmoja wa Tonawanda, pale juu ya Buffalo, anaitwa Suqin. Alisema huyo ni kaka yake, amekufa miaka mitatu iliyopita, tuje Jumamosi. Jumatatu yake alikuwa anapanda ndege kwenda kwao, kitabu chenye majina ya watu wote wa ukoo kinaandikwa upya. Asiyeingia safari hii angojee miaka thelathini. Zenoni alitaka aingie yeye na binti yake mdogo, basi, hakuna kingine. Tuliendesha kwa karibu masaa sita.

Aliyefungua mlango ni Derek, mtoto wa Suqin, mtu mzima na kazi yake. Hata chai hatujapewa, ameshaomba vitambulisho vyetu.

"Wewe ni Lini, huyu dada yako ni Nzigire Mushagalusa. Ndugu gani majina mbalimbali? Tena jina letu halina i."

"Kwetu kila mtoto na jina lake," nikamwambia. "Na hiyo i ni yetu, tumewapa bure."

"Nzigire, tafadhali," Zenoni akaninong'oneza. Nikajikaza, lakini nilikuwa nachemka.

Suqin, mbele yake kitabu cha majina atakayopeleka kwao, hakujali maneno yetu. Alichukua karatasi akachora mti kwa maandishi ya Kichina, na ubavuni mwake mti mwingine. Miti miwili ni msitu, akasema, na Lin ndiyo msitu. Wanasimulia kwamba zamani sana mfalme mmoja alimuua mshauri wake, mwanamume aitwaye Bi Gan, kwa sababu alimwambia ukweli. Mke wa huyo mshauri, mwenye mimba, akakimbilia msituni, akazaa mtoto wa kiume humo. Mfalme mwingine aliposhika nchi akampa yule mtoto jina la msitu uliomficha.

Zenoni akainua kichwa. "Mimi pia nilizaliwa msituni. Mama alikuwa anakimbia vita."

Derek akacheka. "Hadithi hiyo kila mtu anaisoma kwenye simu. Mama, funga kitabu."

Yaani sisi waongo! Mama yangu alijifungua juu ya majani ya migomba, risasi zinasikika, halafu mtu aliyeshiba anacheka? Nilisimama. Suqin naye akasimama, akaniuliza kama mama yetu yu hai.

Yuko Louisville, nikamjibu.

"Mpigie. Muulize kitu kimoja tu. Siku kaka yangu anaondoka, gari lilipoanza kutembea, yeye alifanya nini?"

Nilipiga, nikaweka spika, nikauliza. Mama akikosea hapo, yamekwisha.

"Weye, unaniuliza mambo ya wapi?" Mama akasema. "Nilikimbia nyuma ya gari. Nililia: Lini? Lini? Lini?"

Sikuwa nimetafsiri hata neno, Suqin ameshajifunika mdomo. Kaka yake, akasema, aliwasimulia mpaka kufa kwake. Kulikuwa na mwanamke Bukavu aliyekimbia nyuma ya gari akimwita jina mpaka kona. Ndiyo maana alimpungia mkono.

Nikamweleza kwamba hakuwa anamwita. Kwetu neno hilo ni kuuliza siku. Alikuwa anataka kujua atarudi siku gani.

Derek hakucheka tena. Suqin alivuta kitabu, akaandika polepole, miti miwili, kisha akamuuliza Zenoni binti yake anaitwaje. Zenoni alikuwa analia, nikajibu mimi.

"Wanasema nini huko?" Mama akauliza kwenye simu.

Nikamwambia. Mesié Lini alidhani unamwita jina lake, Mama, kwa hiyo akakupungia mkono.

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Donc, kumbe swali hakulisikia," Mama akasema. "Na mimi miaka yote hii nimemkasirikia eti alikataa kunijibu."