Miaka Tisa Katika Jiko la Hekalu, Bila Kuonja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa viatu vya watu wa mabasi matatu. Meneja alinionyesha rafu za mbao kando ya geti akasema, "Hapa hakuna mtu anaingia na viatu, hata waziri. Utapanga, utajua kipi ni cha nani. Kikipotea kimoja, na wewe unapotea." Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza kidato cha nne, mtoto wangu Mwende nimemwacha kwa mama yangu Migwani. Sikuwa nimekariri mifupa yote ya mwili kwenye somo la Biolojia ili nije kunusa soksi. Lakini nilipanga.

Watu hucheka nikisema nimestaafu. Wanadhani kustaafu ni kwa wenye mvi. Mimi nina miaka thelathini na mbili, mtoto wa pili ananyonya huku nikiandika, na nimestaafu kabisa. Nawaandikia nyinyi wasichana mnaotoka shule mkaambiwa kwamba kazi ya jikoni haina la kusimulia.

Hekalu lenyewe ni la Wahindi, dogo, kando ya barabara ya Mombasa si mbali na Kambu. Wakati huo tulikuwa bado tunahesabiwa Machakos, Makueni haijawa wilaya. Lilianzishwa na mafundi wa reli waliokuwa na kibanda cha mabati na sanamu moja iliyokuja kwa meli. Wajukuu wao wakaongeza mnara, kengele, na dharamshala, yaani nyumba ya kulala mahujaji. Mahujaji walikuja kutoka Nairobi, Mombasa, Kisumu, na wengine kutoka India kwenyewe wakizunguka kuona ndugu zao. Hujaji akifika anavua viatu, anaosha miguu, anagonga kengele kumwarifu mungu kwamba amekuja, kisha anaizunguka sanamu akiiweka upande wa mkono wa kulia. Halafu anakaa chini anangoja chakula. Wengi walikuwa wamefunga tangu asubuhi.

Baada ya miezi mitano ya viatu nikapandishwa vyumbani, kutandika magodoro. Hapo ndipo nilisikia habari za dunia. Kulikuwa na mabibi wa Kigujarati ambao hawakuwa na wa kuzungumza naye mchana, basi wakanishika mimi. Mmoja aliniambia kwao kuna mlima wenye maelfu ya ngazi za mawe, na juu yake mahekalu. Mtu asiyeweza kupanda hubebwa kwenye kiti na wanaume wanne, lakini kwanza anapimwa uzito kwenye mizani mbele ya watu wote. "Mimi walinipima mara mbili," akasema, "hawakuamini." Mwingine alikuwa ametoka kuona Ngome ya Mombasa, akasema ni nzuri lakini ngome ya kwao ina kisima ambacho unashuka ngazi mpaka unahitaji taa. Nilimuuliza kama kina maji. Akasema siku hizi hapana. Nikamwambia basi hata sisi Ukambani tuna visima vya namna hiyo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Jikoni nilifika kwa sababu mpishi Mhindi alihamia Uingereza, na hakupatikana mwingine aliyekubali kuishi kwenye vumbi letu. Mkubwa wangu sasa alikuwa Maharaj, kuhani wa hekalu, mzee mwembamba aliyejua Kiswahili cha sokoni na Kikamba cha kununulia mboga. Alinifundisha kuoga kabla ya kuwasha jiko, kufunga nywele kwa kitambaa cha hekalu, kupika miguu mitupu. Siku zangu za mwezi sikuruhusiwa jikoni, nilirudishwa vyumbani siku nne na yeye akapika mwenyewe. Mwezi wa kwanza nilikasirika. Mwezi wa pili nikaona ni likizo, nikanyamaza.

Alinifundisha pia kuunga. Unachemsha samli, unatupa mbegu za haradali, zikianza kurukaruka unamwaga yote juu ya dali na kufunika haraka ili harufu isitoroke. Na hiyo dali msiiogope jina. Ni mbaazi zilizopasuliwa na kutolewa maganda. Ni nzuu, nzuu hizi hizi za Kitui na Makueni, zimekwenda kiwandani zikarudi kwetu zimevuliwa nguo.

Lakini sheria kubwa ilikuwa moja: usionje. Chakula kikiiva, Maharaj alichota kidogo kwenye sinia, akakipeleka mbele ya sanamu, akavuta pazia, akapiga kengele ndogo. Kilichorudi kilichanganywa tena sufuriani, na hapo sufuria nzima ikawa prasadi, chakula kilichobarikiwa. Kabla ya hapo hakuna kijiko wala kidole cha mtu kuingia. "Mungu hali makombo ya mpishi," aliniambia. Kwa hiyo nilijifunza kupika kwa pua, kwa sikio na kwa kiganja. Chumvi ya kujaa shimo la kiganja ilitosha watu ishirini. Nzuu moja niliitoa kwa mwiko nikaibonyeza kati ya vidole viwili, nikanawa. Ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani, kumpikia mtu kitu usichokijua ladha yake.

Ukaja mwaka wa njaa, ule wa themanini na nne. Mama yangu alimleta Mwende kwa sababu Migwani hakukuwa na kitu. Alikuwa na miaka mitatu. Mkono wake ulikuwa kama mpini wa mwiko, nywele zimeanza kugeuka rangi ya kutu. Sisi wafanyakazi tulipewa sahani moja moja ya prasadi baada ya mahujaji kula, na mimi yangu niliifunika nikampelekea. Akaanza kucheza tena. Mtu akamwona anakula, habari zikafika kanisani kwetu, Kambu.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Mzee Ndunda, alikuja chumbani kwangu mchana, akakaa kwenye kigoda, kofia juu ya goti.

"Mama Mwende, tumesikia."

"Mmesikia nini, mzee?"

"Kwamba mtoto anakula vitu vilivyowekwa mbele ya sanamu. Na wewe pia."

"Anakula nzuu na mchele."

"Vilivyowekwa mbele ya sanamu."

"Mzee, hebu tazama huu mkono." Nikamvuta Mwende nikamwekea mzee mkono wake mapajani.

Aliutazama, kisha akatazama kofia yake. Hakuwa mtu mbaya. Kwake nako walikuwa wanakula mara moja kwa siku, hilo Kambu nzima ililijua. "Mwiitu, binti yangu," akasema, "kupika si neno, kazi ni kazi. Lakini kilichotolewa kwa sanamu, Maandiko yako wazi. Baraza limekutoa kwenye Meza ya Bwana mpaka uache."

"Na kikiwa bado sufuriani? Kabla hakijatolewa?"

Alifikiri sana. "Kabla hakijatolewa ni nzuu tu. Nzuu haina dini."

Nilikuwa na hasira ya kumtupia kile kigoda alichokalia. Lakini alikuwa amenipa mlango. Kuanzia kesho yake nilikuja na kikombe cha plastiki cha Mwende ndani ya leso. Nzuu zikiiva, kabla Maharaj hajaja na sinia, nilichota kikombe kimoja nikakificha nyuma ya debe la samli. Niliona nimewatosheleza wote. Kanisa halina neno, mtoto anakula, na Wahindi hawajui.

Wiki ya tatu likaja basi la mahujaji kutoka Mombasa, wamefunga, wameshakaa chini kwenye mistari. Nilikuwa na haraka. Kikombe kiko ndani ya sufuria mpaka kwenye kishikio, nikageuka, Maharaj amesimama mlangoni na sinia yake.

Aliiweka sinia chini, akakaa juu ya gunia la unga. Meneja ndiye aliyekuja mbio na kupiga kelele. "Watu sitini wako nje! Chakula chote sasa ni makombo! Vua hicho kitambaa, toka, usirudi."

"Ngoja," Maharaj akasema. Kisha akaniuliza polepole, "Mama, kwa nini hukungoja? Nusu saa tu, ningekupa mimi mwenyewe."

"Kikishatolewa, kanisa linanifukuza," nikamwambia. "Kabla hakijatolewa, mnanifukuza nyinyi. Basi nionyesheni mtoto wangu ale dakika gani."

Sikulia. Watu wanaposimulia habari hii huweka machozi, hayakuwapo. Nilikuwa na hasira za kuweza kuibeba ile sufuria peke yangu mpaka Migwani. Nilijua nimeharibu chakula cha watu sitini mwaka ambao punje ilikuwa punje, na nilijua kesho sina kazi, na sahani ya Mwende imekwisha.

Maharaj alikaa pale akiutazama mvuke. "Hii sufuria Mungu hawezi kula," akasema. "Mahujaji pia hawawezi. Nani anaweza?"

"Wape ng'ombe," Meneja akasema.

"Ng'ombe wa hapa walikufa mwezi jana. Fungua geti."

Nje ya geti siku hizo kulikuwa na watu kila mchana. Wenye kukubali prasadi walikuja na mabakuli yao karibu. Wengine, watu wa makanisa yetu, walikaa ng'ambo ya barabara na watoto wao, wakinusa. Nilitoka na sufuria ikibebwa na wafagiaji wawili, nikaanza kugawa. Wale wa ng'ambo hawakuja. Kisha nikamwona Mzee Ndunda anainuka. Alivuka barabara taratibu, bakuli liko ndani ya koti, akasimama mbele yangu.

"Mama Mwende, hiki kimetolewa?"

"Hakijatolewa, mzee. Nimekiharibu."

"Umekiharibu vipi?"

"Nimechovya kikombe cha mtoto."

Akalitoa bakuli. "Basi weka."

Nyuma yake walivuka wote. Mahujaji walikaa na njaa saa mbili zaidi tukipika upya, na katika lugha ninazozifahamu sikusikia mmoja akinung'unika.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kurudisha kitambaa. Nikakuta mawe matatu yamepangwa nje ya jiko, na sufuria ya pili juu yake. Maharaj alinipa mwiko. "Ile ya ndani usiguse," akasema. "Hii ya nje, ikiiva, onja mbele ya watu wote." Basi ikawa kazi yangu mpya. Kila siku kabla ya geti kufunguliwa alisimama barazani akaniita, "Mama, njoo uharibu," nami nikachovya kidole mbele ya Wakristo wa Kambu wakiona kwa macho yao, nikalamba, na hapo walijua hakuna mungu yeyote atakayeitaka. Tulikwenda hivyo mpaka mvua iliponyesha na watu wakavuna. Meneja hakunisalimia kwa mwezi mzima, lakini nzuu aliagiza magunia zaidi.

Mvua iliporudi, baraza la kanisa likataka nisimame mbele ya ushirika nitubu ndipo nirudishwe Mezani. Niliuliza nitubu nini. Mzee mmoja akasema, "Sahani za mwanzo, zile zilizotolewa." Ilikuwa kweli, na sikuwa tayari kuzijutia. Mzee Ndunda, ingawa ni mwenyekiti, siku ile ndiye aliyekuwa akiandika. Alifunga kalamu. "Zile sahani za mwanzo," akasema, "kama angezikataa, leo tungekuwa tunajadili kaburi." Akasukuma daftari lenye majina ya waliotengwa katikati ya meza. "Kama jina lake linabaki humu, andikeni na langu." Hakuna aliyeishika ile kalamu. Jumapili ile nilishiriki.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo. Maharaj alirudi India akiwa mgonjwa wa miguu. Kamati ikaleta Meneja mwingine, ambaye mwaka jana alinitazama tumbo likiwa kubwa akasema sheria mpya ni kwamba mpishi alale ndani ya boma na asiwe na mtoto mchanga. Nilimuuliza sheria hiyo imeandikwa na mama wa nani. Akasema nichague. Nilichagua mlangoni pale pale, na kitambaa nikamwachia mkononi.

Mnaniuliza kama najuta kukaa miaka yote hiyo kwenye moshi wa watu wengine. Hapana. Maharaj alikuwa mtu, Mzee Ndunda alikuwa mtu, na sijakutana na wengi kama wao. Lakini hasira yangu iko pale pale na siombi msamaha kwayo. Sheria mbili za watu wazuri zilikutana juu ya mtoto wa miaka mitatu, na katika wazuri wote hao hakuna aliyeuliza kama amekula mpaka nilipoharibu chakula cha watu sitini. Mkinirudisha siku ile, nitaharibu tena. Ila sitangoja wiki tatu nikijificha nyuma ya debe, na sitachota kwa kikombe. Nitachota kwa upawa.