Yusto na Ile "Tulikuwa" Yake

Jamani, Jumapili asubuhi nilipigiwa simu nikaambiwa Yusto hatunaye, na mpaka leo nakataa. Presha, wanasema. Ijumaa alikuwa mzima kabisa, kasimama dirishani kwangu stoo na kikombe cha chai.

Nimekasirika. Naomba niseme ukweli kabla hamjaanza kuniandikia "pole dear". Nimemkasirikia yeye, na zaidi nimejikasirikia mwenyewe.

Kwa msiomjua, Yusto alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda chetu cha magodoro, Chang'ombe. Mimi ni wa stoo. Miaka tisa tumeingilia geti moja.

Hapa msibani Mbagala watu wanasema alikuwa mtakatifu. Wee! Yusto alikuwa na hasira za karibu. Siku moja alimfokea mpishi wa kantini kwa ajili ya chumvi tu, mbele ya kantini nzima.

Ila tangu aokoke alijiwekea sheria yake: chai ya saa nne isimkute hajaomba msamaha. "Nikingoja jioni ntakuwa nshajitafutia sababu," alisema.

Siku ile ya chumvi, alipomrudia mpishi amwombe msamaha akakuta ameshaondoka kwenda kliniki, na kesho yake hakuja. Yusto hakunywa chai siku mbili. Chapati zake nilikula mimi.

Na alikuwa anachosha! Siku moja alinifuata: "Sista Jeni, nisamehe. Mwaka juzi nilikuteta kwa mama ntilie." Mimi hata sikuwa na habari! Nikamuuliza alisema nini. "Nikirudia si ntakuwa nimekuteta mara ya pili?" Nikashinda siku nzima nimefura.

Sasa ishu yenyewe.

Nilipohamia Kibamba, kufika kazini saa moja na nusu ikawa mtihani. Nikamwomba Yusto anisainie rejista ya mahudhurio. Akakataa, nikambembeleza, akakubali. Karibu mwaka mzima alinisainia, mpaka mkia wa J yangu aliupatia.

Alipookoka akaacha. Hiyo ningemwelewa. Lakini Alhamisi moja, kwenye ibada yetu ya mchana pale kantini, akasimama kutoa ushuhuda. Mimi ndiye mwimbishaji. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza wimbo wa toba, bado najifuta jasho.

"Bwana asifiwe! Namshukuru Mungu kanitoa mbali. Tulikuwa tunasainiana rejista, ndugu zangu. Mtu yuko Kibamba anaoga, huku jina lake lishafika kazini!"

Kantini nzima ikanigeukia. Kiwanda kizima, anayekaa Kibamba ni mmoja. Na supavaiza alikuwa benchi la mbele, Biblia mapajani.

Jumatatu tukapewa barua za onyo, yeye na mimi.

Nilinuna, nyie! Tubu dhambi zako, zangu niachie. Hiyo "tulikuwa" nani alikutuma?

Akaja siku hiyohiyo, kabla ya chai. "Sista, nimekosea. Ningesema 'nilisaini', nikaishia hapo. Nisamehe hiyo 'tu'." Nikamjibu nitamsamehe nikijisikia.

Miezi minne sikujisikia. Na kila Alhamisi nilisimama mbele nikaimbisha, watu wakalia machozi, kisha nikashuka nikampita Yusto kama sijamwona. Mwimbishaji mzima!

Ijumaa akaja tena. Kikombe mkononi, hajakigusa. "Sista Jeni, ile 'tu' yangu..."

Nikamkata. "Braza, chai yako inapoa. Nenda."

Akacheka kidogo, akaenda. Sijui kama aliinywa. Nimemuuliza hata yule mpishi, naye hakumbuki.

Leo nimekaa hapa kwenye turubai nawaza jambo ambalo ningeliwaza miezi minne iliyopita. Yusto hakuwahi kuchelewa. Alikuwa anafika kabla mlinzi wa usiku hajatoka. Hakuna hata siku moja niliyomsainia mimi. Hatukuwa tunasainiana, jamani. Shida ilikuwa yangu na ombi lilikuwa langu, yeye akaja kujipanga na mimi ili tuwe wawili. Nikamnunia kwa kunipunguzia aibu yangu mwenyewe.

Halafu asubuhi hii, nikiwa kwenye foleni ya kitabu cha maombolezo, meseji ikaingia. Ni Kelvin wa mauzo: "Jeni nimekwama Kigamboni. Nisainie basi, supavaiza akipitia aone na mie nilikuja."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Sitawadanganya, mkono ulishaanza kwenda. Nikasimama pale kama mjinga mpaka aliyekuwa nyuma yangu akakohoa.

Nikamjibu Kelvin: "Njoo usaini mwenyewe." Nikaandika jina langu, moja tu, na mkia wa J nikauweka mwenyewe.

Kisha nikamfuata supavaiza alikokuwa amekaa na wazee.

"Shikamoo, bosi. Ile rejista, Yusto hakuwa na shida yoyote. Mie ndo nilimbembeleza anisainie. Barua yake ya onyo naomba iondolewe kwenye faili lake."

Akaitikia: "Marahaba. Sasa Jeni, mwenyewe kashakufa. Haya si ungeniambia Jumatatu, ofisini?"

Kina mama walikuwa wameshaanza kupitisha vikombe. Nikamwambia hapana, bosi, chai inagawiwa.

Yusto, braza wangu. Nilikuwa. Siyo tulikuwa. Umenikera ukiwa hai na unanikera hata sasa, maana umeondoka kabla sijakwambia nimekusamehe, na kabla sijakuomba unisamehe mimi.

Lala salama, braza. Chai ya leo sijainywa.